Nilidhani Nafunga Tairi, Kumbe Naongeza Mlango

Usiku ule nilikuwa nimelala chali kwenye tope, tochi nimeing'ata, nazungusha fimbo isiyozungusha kitu. Jiwe lilikuwa limechana ukuta wa tairi la nyuma, mvua haijakata, na spea iko pale pale juu ya pua yangu, imening'inia chini ya gari kwa kebo ya winchi. Kitabu cha gari kinasema ni kazi ndogo tu: ingiza fimbo kwenye tundu la bampa, zungusha, spea inashuka. Mizunguko miwili ya kwanza ilikubali, wa tatu ukakwaruza, halafu winchi ikagoma kabisa. Kutu na matope yaliyokaukia humo vilikuwa vimeshaifunga siku nyingi, mimi sina habari. Nilichimba udongo kwa sahani ya bati, nikaigonga kebo kwa nyundo, na baada ya saa kama tatu spea ikaanguka karibu na bega langu.

Kuitazama, ndogo.

Hilo lilikuwa kosa langu mwenyewe. Miezi kadhaa nyuma nilikuwa nimevua matairi yaliyokuja na gari, 265/65R17, nikavisha 265/70R17 ili gari linyanyuke kidogo. Nilivisha manne. Jipya la tano halikuingia kule chini, lilibanwa kati ya bomba la moshi na chasisi, kwa hiyo nikaliacha la zamani mahali pake na kujiambia nitalishughulikia siku nyingine. Ukikokotoa kwa namba zilizoandikwa ubavuni, la zamani lina kipenyo cha milimita 776 hivi na jipya 803. Milimita 27 kwa macho si kitu. Ila katika kila kilomita moja lile dogo linazunguka mara 14 hivi zaidi ya mwenzake, na yakiwa kwenye ekseli moja difu, ile giya inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili, haipati kupumzika: vile vijino vya ndani, ambavyo kazi yake ni kukata kona, vinasagana hata barabara ikiwa imenyooka. Nilirudi mwendo wa kinyonga, na hata pale tope lilipodai magurudumu manne sikuthubutu kuyaingiza.

Nikaamua: matairi matano, yote sawa, na la tano likae nje ninapoweza kulifikia bila kulala chini.

Nilianza na paa, maana keria ilikuwa tayari ipo. Kabla ya kulipandisha nikalipima nyumbani. Nilisimama kwenye mizani ya kupimia mwili nikiwa mtupu wa mikono, nikasimama tena nimelikumbatia gurudumu, nikatoa. Kilo 34, rimu ya chuma pamoja na tairi. Kulipandisha tulikuwa watu wawili na tulicheka sana. Kulishusha peke yangu, siku nilipotaka kujaribu, sikucheka. Kilo 34 zinazoshuka kutoka juu ya kichwa haziulizi kama umeshika vizuri. Nililiachia, likagonga kioo cha pembeni likakivunja, kisha likabingirika zake. Na kwenye kona nilianza kuhisi gari linaegemea kuliko zamani. Paa la gari lina kikomo chake cha mzigo, na keria yenyewe inahesabiwa humo humo, jambo ambalo wengi tunalisahau. Paa nikaachana nalo.

Rafiki mmoja akaniambia, si ulifunge tu mlangoni kama Jimny? Ni kweli Suzuki Jimny, Jeep Wrangler na Mercedes-Benz G-Class zinabeba spea kwenye mlango wa nyuma, lakini milango hiyo inafunguka kwa ubavu na bawaba zake zilichorwa tangu mwanzo zikijua kuna tairi. Hata hizo, mtu akivisha matairi makubwa zaidi, hulazimika kuongeza chuma cha kusaidia bawaba. Mlango wa gari langu unainuka kwenda juu na unashikiliwa na vijiti viwili vya gesi. Ukiuongezea kilo 34 hautainuka, na ukiinuka utakushukia shingoni. Bati lake lenyewe ukilibonyeza kwa dole gumba linabonyea.

Kwa hiyo nikanunua kile kibebeo kinachochomekwa kwenye bomba la mraba la kuvutia trela. Sitakisema vibaya sana, kwa sababu kwa mtu anayesafiri mara moja moja kinatosha, na unakichomoa unapofika nyumbani. Tabu yake ni uwazi. Bomba la ndani lazima liwe dogo kidogo kuliko la nje, la sivyo halitaingia, na uwazi ule wa milimita moja au mbili pale chini, ukifika juu kwenye tairi unakuwa mtikiso wa kuonekana kwa macho. Kwenye barabara yenye mawimbi kama bati nilitazama kioo cha ndani nikaliona tairi linaitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali kila anachoambiwa. Tena chuma chenyewe kinakaa chini na kinatokeza nyuma, kwa hiyo kila nilipotoka kwenye korongo kilichora mstari ardhini. Na ili kufungua buti ilibidi nichomoe pini na kulilaza tairi lote, kilo 34, kwa mikono, hata kama ninachotaka humo ni chupa ya maji tu.

Ndipo nikaenda kwa mzee mmoja anayechomelea matrela. Nilimkuta ameketi kwenye ndoo, anakunywa maji.

"Shikamoo mzee. Nataka kufunga tairi nyuma ya gari."

"Marahaba, mwanangu. Buti unalifungua mara ngapi kwa siku?"

Nikahesabu. Pengine mara sita, pengine kumi.

"Basi wewe hufungi tairi," akasema. "Unaongeza mlango. Mlango wa kilo hamsini."

Nililipuuza neno lile kwa kama wiki mbili, nikaja kulielewa kipande kwa kipande. Tairi lenyewe halina shida yoyote. Bolti tatu na limetulia. Shida yote iko kwenye mambo ya mlango: bawaba, komeo, kizuizi, kelele, na mwenye nyumba anayesahau kuufunga.

Bawaba kwanza. Mimi nilikuwa nimewaza bomba nene lenye pini katikati. Mzee akatikisa kichwa, akaingia nyuma ya banda lake akatoka na ekseli fupi ya trela, ile inayobeba gurudumu moja, pamoja na habu yake, kile kitovu kinachozunguka ambacho gurudumu hufungiwa. Akaisimamisha wima mezani, akaizungusha habu kwa kidole. Ikazunguka bila sauti. "Hii imezaliwa kubeba mzigo," akasema. Ndani mna beringi mbili za rola zilizochongoka, moja imetazama juu na nyingine chini, zikibanwa na nati moja unayoweza kuikaza chuma kinapolika. Pini ya kawaida ikishalika imelika, huna la kuikaza. Hapo nilinyamaza nikaacha mwenye kazi afanye kazi.

Bampa la zamani likatoka, likaja la chuma lililofungwa kwa bolti kwenye chasisi yenyewe pande zote mbili, na ile ekseli ikachomelewa kwenye pembe yake; kwenye habu ndipo unapokaa mkono, yaani chuma kinachobeba tairi na kufunguka kwa ubavu kama mlango. Kabla ya kuwasha mashine mzee alinifanya niondoe nyaya za betri, maana umeme wa kuchomelea ukipita njia isiyo yake unaweza kuua kompyuta ya gari. Halafu akatumia muda mrefu kuliko nilivyotarajia kwenye jambo moja tu: kuisimamisha ekseli wima. Aliweka pimamaji mbele, akaweka ubavuni, akagonga, akapima tena. Niliona kama anachelewesha. Nilipokuja kuegesha gari kwenye mteremko ndipo nilipojua. Bawaba ikilala kidogo tu, mkono unajifungua au unajifunga wenyewe, na ukiwa na tairi juu yake unakufuata kama ng'ombe mwenye hasira.

Upande wa bawaba nao tulibishana. Mimi nilitaka iwe kushoto bila sababu yoyote, nahisi kwa mazoea ya friji. Yeye akauliza magari yanapita upande gani ninaposimama kando ya barabara. Bawaba ikawekwa upande huo wa magari, ili mkono ukifunguka mimi nisimame upande wa ukingo ninapotoa vitu, na chuma kiwe kati yangu na barabara. Akaweka na kizuizi ili usifunguke kupita kiasi ukaenda kujitokeza barabarani, pamoja na pini inayodondoka yenyewe kuushika ukiwa wazi. Bila pini hiyo upepo unatosha kukurudishia mlango mgongoni.

Tulikosea mahali pamoja, na hapo kosa ni letu sote wawili. Bamba la kufungia rimu lilichomelewa likitokeza sentimita 12 kutoka kwenye mkono. Tulipoleta gurudumu, tairi likagusa mkono wakati rimu bado haijafika kwenye bamba. Tulipima upana wa tairi, tukasahau kwamba uso wa rimu unaofungiwa bolti haupo katikati ya tairi bali umesogea kuelekea nje. Kwa rimu yangu, kutoka ubavu wa ndani wa tairi hadi uso huo ni kama sentimita 16 na nusu. Tukakata, tukarefusha hadi 16. Ile nusu sentimita mzee aliipunguza makusudi: ukikaza nati, tairi linajikandamiza kidogo kwenye mkono, na mpira huo unameza mtikiso. Ni ujanja mdogo, nami naupenda kuliko kitu kingine chochote kwenye kazi ile.

Na mwingine huu. Kati ya bolti tatu za kufungia, ya juu ni ndefu kuliko wenzake kwa vidole viwili. Unapoinua gurudumu huhangaiki kulenga matundu matatu kwa pamoja huku mgongo unalia; unalining'iniza kwanza kwenye ile ndefu, unavuta pumzi, halafu unayasawazisha mengine. Nati moja kati ya hizo ni ya kufuli, na ufunguo wake haukai ndani ya buti. Nasema hivyo kwa sababu mwanzoni ulikaa ndani ya buti.

Komeo. Hapa ndipo watu wengi hubana matumizi, na ndipo kelele zinapozaliwa. Mkono ukifungwa lazima uwe na mahali pa kuketi upande wa pili, si kubanwa tu. Mzee alichomelea kijingazi chenye mteremko kwenye bampa, akakivisha mpira. Mkono unapofika unapanda juu yake kidogo na kukaa. Kuanzia hapo bawaba haibebi peke yake, uzito unagawanywa pande mbili. Juu ya hapo ndipo linakuja komeo la kubana, lile la wenzo unaopita katikati na kujifunga, lenye uzi wa kurekebisha ukazo. Wiki ya kwanza nilirekebisha mara tatu, kila mara mpira ulipokuwa umelala kidogo. Kwenye barabara mbaya ilisikika kwa-kwa-kwa ya mbali, nikaitafuta kila mahali. Haikuwa mkono hata kidogo. Ilikuwa pini ya usalama ya komeo, inacheza kwenye tundu lake. Kipande cha mpira wa tyubu kikaimaliza.

Sasa uzito. Chuma chote kilichoongezeka kilikuwa kilo 62, na gurudumu 34, jumla 96. Unaweza kudhani magurudumu ya nyuma yameongezewa kilo 96, na mimi nilidhani hivyo. Lakini mzigo huu uko nyuma ya ekseli, kama mtu aliyeketi mwisho wa ubao wa bembea. Kwangu uko mita 1.2 nyuma ya ekseli, na kati ya ekseli mbili ni mita 2.8. Ukizidisha 96 kwa 1.2 na kugawanya kwa 2.8 unapata kama 41. Maana yake mbele panainuliwa kilo 41, na nyuma panabeba zile 96 pamoja na hizo 41: kilo 137. Hiyo ni kama abiria wawili wazima ambao hawashuki kamwe.

Sikuigundua kwa hesabu. Niligundua kwa sababu usiku kila gari lililokuja mbele yangu liliniwashia taa. Nikadhani nimeacha taa kubwa, nikaangalia, wapi. Wiki nzima natukanwa kwa taa. Kumbe nyuma pamekaa, pua imeinuka, na taa zangu za kawaida zinamulika machoni mwa watu. Nikazishusha kwa skrubu zake kwa muda, kisha nikaweka springi za nyuma zenye nguvu zaidi na shokomzoba zinazoendana nazo, nikazirekebisha taa upya. Hili lingekuwa kwenye hesabu ya gharama tangu siku ya kwanza kama ningeuliza. Sikuuliza.

Mambo ya kisheria yalinipa kazi ndogo lakini ya kuudhi. Tairi lilifunika kibao cha namba, kikahamia kwenye mkono na taa yake ndogo. Nyaya za taa hiyo zinapita kwenye bawaba, na mara ya kwanza nilizivuta zikanyooka vizuri, zinapendeza. Baada ya mwezi zikakatika kwa kukunjwa. Sasa zina kitanzi kilicholegea ndani ya bomba la plastiki. Taa ya breki ya juu bado inaonekana, hilo nilihakikisha kabla ya kuchagua kimo cha tairi. Bima niliwaarifu. Kamera ya kurudi nyuma ilikuwa inaonyesha picha safi kabisa ya mpira mweusi, nikaihamishia katikati ya rimu, inachungulia kwenye tundu la kati. Vihisi vya bampa vilipiga kelele mfululizo kila nikitia rivasi, vikilia kwa sababu ya tairi langu mwenyewe. Hivyo navyo vilihamishwa. Waipa ya nyuma inafanya kazi, ila theluthi ya kioo imeshapotea na nimezoea kutumia vioo vya pembeni. Urefu wa gari umeongezeka, na ukuta mmoja una alama yangu.

Halafu siku niliyosahau. Nilipakia haraka, nikafunga buti, nikausukuma mkono kwa kiuno mpaka ukakaa kwenye mpira wake, nikaingia garini. Komeo sikulifunga. Kwenda mbele ulitulia, kwa sababu kile kijingazi kiliushika. Kona ya kwanza ukatoka. Nilisikia gari limekuwa jepesi upande mmoja na zito upande wa pili, kitu cha ajabu sana kukisikia, kisha nikaona kwenye kioo tairi langu likiwa pembeni ya gari badala ya nyuma, limenyooshwa kama mkono wa trafiki. Likagonga nguzo ya geti. Nguzo ikapinda, mkono haukupinda, na namshukuru Mungu hapakuwa na mtu pale. Nilimsimulia mzee. Hakunigombeza. "Mlango wa mbele ukiwa wazi taa inawaka, au siyo?" Basi tukaweka swichi ndogo kwenye komeo, kama zile za taa ya mlangoni, na balbu nyekundu kwenye dashibodi. Komeo lisipobana, balbu inawaka. Imeshaniokoa mara mbili.

Kuhusu tairi lenyewe sina mengi. Nalizungusha na wenzake: kila baada ya kilomita 10,000 hivi la nje linaingia kazini na mmoja anapumzika, yote matano yanakwisha pamoja, na siku ya pancha sikutani na tairi lililozeeka juani bila kufanya kazi. Umri wake unasomwa ubavuni, tarakimu nne mwishoni mwa namba inayoanza na herufi DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Jua linapasua mpira, kwa hiyo nalifunika, na mfuniko una tundu chini la kutolea maji. Valvu inatazama nje ili nipime upepo bila kufungua kitu. Nati za bamba nazikagua baada ya safari ya kwanza ya kilomita 100, kisha kila ninapopima upepo.

Pancha iliyofuata ilikuja mchana, pakavu, kama kwa kunionea huruma. Pini, komeo, mkono ukafunguka, nati tatu, tairi likashuka hadi kwenye paja na kutoka hapo chini. Sikupiga magoti isipokuwa kuweka jeki. Kazi nzima iliniisha kabla chai ya kwenye chupa haijapoa.

Jana jioni niliushika mkono kwenye ncha yake, ukiwa wazi na tairi juu yake, nikautikisa juu na chini kama alivyonifundisha mzee. Kuna uwazi. Ni mdogo, unausikia kwa kiganja zaidi ya kuuona, tk, tk. Beringi zimeanza kukaa. Nimeshatoa kifuniko cha grisi na kuiweka spana juu ya bampa. Asubuhi, kabla jua halijapasha chuma moto, naikaza ile nati robo mzunguko na kujaza grisi mpya.